Sababu Gani Tunapima Mukojo na Damu?

Ndugu musomaji, labda muganga alikupa kichupa kidogo na kukuomba mukojo. Labda alitaka kutoa damu katika mukono wa mutoto wako. Nawe ulijiuliza moyoni: Watafanya nini na damu yetu? Wengine wanasema kwamba inauzishwa. Si kweli. Soma maneno haya polepole, kisha umusomee jirani asiyejua kusoma.

MADINI NDANI YA MWILI

Mwili una madini kidogo sana ndani yake. Chuma kinasaidia damu kubeba hewa tunayovuta. Zinki inasaidia vidonda kupona. Tukikosa madini haya tunagonjwa. Lakini risasi, ambayo wengine wanaiita plombo, haina kazi hata moja mwilini. Ni sumu tu. Inaharibu akili ya mutoto, inapunguza damu yake, nayo inapita toka mama mwenye mimba kufika kwa mutoto tumboni.

Kobalti ni namna ingine. Kidogo sana inafaa, maana imo ndani ya vitamini B12. Nyingi inaharibu. Katika miaka 1965 na 1966, katika muji wa Quebec, inchi ya Kanada, wanywaji wa bia waligonjwa moyo, na wengine walikufa. Kobalti ilikuwa imetiwa katika bia ile ili povu lake lisiishe upesi.

HABARI YA KATANGA

Mwaka 2009 watu wa elimu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba walipima mukojo wa watu zaidi ya 300. Waliokaa chini ya kilomita 3 toka migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita waliokaa mbali. Hakuna mahali pengine ambapo nyingi namna ile ilikwisha kuonekana kwa wakaaji wa kawaida.

Katika Kolwezi, mutaa wa Kasulo, madini yalionekana chini ya nyumba mwaka 2014, na watu wakachimba mashimo katika viwanja vyao. Kisha wapimaji walikuta kobalti katika vumbi la nyumba na katika mukojo wa watoto. Mutoto hashiki chepeo. Anacheza chini, anatia vidole kinywani, basi.

KWA NINI MUKOJO, KWA NINI DAMU?

Kobalti nyingi inayoingia mwilini inatoka upesi kwa njia ya mukojo. Kwa hiyo mukojo unatuonyesha mambo ya siku hizi chache. Risasi si hivyo. Inakaa katika damu majuma mengi, na katika mifupa miaka mingi. Kwa hiyo tunaitafuta katika damu.

Mutu aliyekunywa maji mengi ana mukojo mwepesi. Mutu mwenye kiu ana mukojo muzito. Ili tusidanganyike, tunapima vilevile kitu kinachoitwa kreatinini, uchafu ambao nyama ya mwili inatoa karibu kwa kiasi kimoja kila siku. Tunalinganisha madini na kitu hicho.

KIASI KIDOGO SANA

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kwamba damu ya mutu ikiwa na mikrogramu 5 za risasi katika mililita 100, au zaidi, lazima kutafuta mahali sumu inapotoka na kuiondoa. Kiasi hicho ni kama gramu 1 ya risasi katika mapipa 100 ya lita 200. Hata chini ya hapo, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Jicho haliwezi kuona kitu hicho. Mwaka 1955, Alan Walsh wa Australia alionyesha namna ya kupima kwa mwangaza, maana kila madini yanameza mwangaza wao wenyewe. Siku hizi kuna mashini ingine: inapitisha majimaji katika moto wa digrii maelfu, kisha inatenga madini kwa uzito wao.

Sasa unaelewa kwa nini tunakataza chupa ya nyumbani. Vumbi la kidole kimoja linaweza kutudanganya, na mutoto muzima akaitwa mugonjwa.

UKITOA MUKOJO

1. Vua nguo za kazi. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Tumia kichupa cha hospitali tu. Usikisuuze.
3. Usiguse ndani ya kichupa wala ndani ya kifuniko.
4. Funga mara moja, ukirudishe upesi.

UKISIKIA KWAMBA SUMU NI NYINGI

Usiogope, wala usifiche. Usimupe mutoto dawa ya kuharisha. Haitoi risasi katika mifupa. Kuna dawa kwa wenye risasi nyingi sana, lakini muganga peke yake anaitoa. Dawa ya kwanza ni kufunga mulango ambao sumu inaingilia.

Baba, tunajua kwamba feza ya mawe yale inalisha jamaa yako. Hatukucheki. Lakini usiyaoshe wala kuyaponda kwenye kiwanja unapolala. Acha nguo na viatu vya kazi inje, oga mbele ya kumubeba mutoto.

Mama, fagia kwa kunyunyiza maji, ama pangusa kwa kitambaa chenye maji. Nawisha watoto mikono mbele ya kula. Osha sombe na lengalenga kwa maji safi. Wakati wa mimba usile udongo; unaweza kuwa na risasi. Wape watoto maharagi na samaki wadogo, maana mutoto aliyekosa chuma na kalisi anapokea risasi zaidi.

Kisha miezi michache umurudishe mutoto tumupime tena. Hesabu ikishuka, utajua kwamba kazi yako ya kufagia na kunawisha haikuwa bure. Isiposhuka, tutatafuta pamoja mulango mwingine ulio wazi.