Jinsi ya kuchagua tarakilishi kuukuu itakayosoma disketi zako

KATIKA makabati ya shule, makanisa, vyama vya ushirika na hata nyumba za watu binafsi, bado mna masanduku ya disketi yaliyofunikwa na vumbi. Humo mna tasnifu zilizochapwa miaka ya tisini, daftari za michango, kumbukumbu za mikutano na miswada ya vitabu ambavyo havikuwahi kutolewa. Mwenyewe huishika disketi mkononi, akaitazama tarakilishi yake mpya, na kubaini kwamba haina hata mwanya wa kuitilia.

Kampuni ya Sony, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakuu wa mwisho, iliacha kuunda disketi mwaka wa 2011. Utando wa sumaku unaohifadhi maandishi hudhoofika kadiri miaka inavyosonga, na katika maeneo yenye unyevunyevu kama Pwani, ukungu huota juu yake. Anayekusudia kuyaokoa maandishi hayo hana muda mwingi. Anahitaji tarakilishi kuukuu, nayo sharti iwe ile inayofaa.

Wapo wanaodhani kwamba mashine ikiwa nzee zaidi ndipo itakapoelewana vyema na disketi za kale. Wengine hununua ile yenye kasi kubwa kuliko zote wanazozipata. Mashine ya aina ya 386 au 486 husoma disketi bila taabu, lakini haina USB, na aghalabu haina kadi ya mtandao. Ukishaisoma faili huna pa kuipeleka. Zile zilizoundwa baada ya mwaka wa 2005 hivi zina USB tele, ila nafasi za kadi za zamani zimeondolewa, na pale ambapo kiunganishi cha disketi kimesalia, kwa kawaida hukubali kiendeshi kimoja tu. Mashine yenye uwezo, kwa kazi hii, ni ile iliyozaliwa katikati: inayozungumza na wazee na kuelewana na vijana.

Kwa maoni yangu, kipindi hicho ni kati ya 1998 na 2000, na mashine zenyewe ni zile za Pentium II na Pentium III zilizojengwa juu ya chipu za Intel ziitwazo 440BX, zilizotoka mwaka wa 1998. Ubao mama wa aina hii huwa na nafasi za kadi za ISA za tangu miaka ya themanini, nafasi za PCI zilizofuata, USB ya awali, na kiunganishi cha disketi ambacho kwa kawaida huendesha viendeshi viwili kwa pamoja. Yaani unaweza kufunga kile cha inchi 3.5 na kile kikubwa cha inchi 5.25, ambacho hata viendeshi vya disketi vya USB vinavyouzwa madukani havina habari nacho. Mashine hiyo hiyo huendesha DOS tupu, Windows 98 na hata Windows XP.

Namna ya kuitambua si ngumu. Ifungue ubavu. Katika nyingi za mashine hizi prosesa haikulalia ubao bali imesimama wima ndani ya kasha jeusi, mfano wa kaseti ya muziki iliyochomekwa. Miongoni mwa zile zilizonunuliwa na ofisi nyingi duniani ni Dell OptiPlex GX1 na Compaq Deskpro EN. Ukiiona moja kwa fundi wa Luthuli Avenue au kwa wauza vyuma chakavu, usikimbilie kuuliza kasi ya prosesa. Itazame kwanza.

Tazama kapasita, vile vijimkebe vidogo vilivyosimama ubaoni. Vilele vyake viwe bapa. Kilele kilichovimba au kuvuja utomvu wa kahawia ni dalili ya maradhi yaliyozikumba mashine nyingi zilizoundwa takriban kati ya 1999 na 2007, na tiba yake ni kubadilisha kapasita zote zenye kasoro, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Ikiwa mashine ni ya 386 au 486, tafuta betri ndogo ya pipa, aghalabu ya rangi ya buluu, iliyochomelewa kwenye ubao. Betri hizo huvuja na kula nyaya za shaba zilizo karibu. Za Pentium III hutumia betri bapa ya CR2032, ambayo hupatikana hadi leo kwa bei nafuu. Mashine iliyokaa Mombasa au Lamu ikaguliwe pia kutu kwenye viunganishi. Chumvi ya hewani haina huruma.

Kisha zunguka nyuma. Mashine nyingi za enzi hizo zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Iliyotoka Marekani huenda imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka katika umeme wetu wa volti 240 kabla ya kuigeuza, utasikia mlipuko, na hutakuwa tena na cha kuboresha.

Tukija kwenye uboreshaji, utaratibu ninaoupendekeza utawaudhi wapenda kasi, maana prosesa naiweka mwisho. Cha kwanza ni umeme. Kisanduku cha umeme kilichodumu zaidi ya miaka 20 kisafishwe vumbi, kipimwe, na kikitiliwa shaka kibadilishwe. Hapa pana mtego: mashine nyingi za Dell za wakati huo zilitumia plagi inayofanana kabisa na ya kawaida, ilhali nyaya zake zimepangwa kwa namna tofauti. Kisanduku cha kawaida huingia bila ubishi, kisha kikauunguza ubao. Mwenye Dell ahakikishe kwanza mpangilio wa nyaya.

Cha pili ni hifadhi, na hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote. Diski kuu ya zamani ina kelele, ni nzito, na imekwisha umri. Mahali pake tia kadi ya CompactFlash, ya aina iliyokuwa ikitumiwa katika kamera, kwa kutumia adapta ya bei ndogo inayoingia kwenye kiunganishi cha IDE. Mashine huiona kama diski kuu ya kawaida. Ukimaliza kunakili disketi zako, unaizima mashine, unachomoa kadi, na kuisoma kwenye tarakilishi yako mpya. Huhitaji mtandao, wala kuhangaika na programu za kuifanya Windows 98 ikubali flashi diski. Kadi isizidi gigabaiti 32, kwani baadhi ya mashine za wakati huo hukwama zikikutana na diski kubwa kuliko hiyo.

Kumbukumbu ya RAM huja ya tatu. Megabaiti 256 zatosha, na Windows 98 huanza kutatizika RAM inapozidi megabaiti 512. Kwa ubao wa 440BX, chagua kipande cha megabaiti 256 chenye chipu 16, nane kila upande. Chenye chipu nane pekee huenda kikaonekana nusu tu, na muuzaji atakuapia kwamba ni kizima. Naye hasemi uongo, kwani kitafanya kazi vyema katika mashine ya miaka michache baadaye.

Prosesa yenyewe iache ilivyo. Pentium III ya megahezi 500 husoma disketi kwa kasi ile ile ya nyingine yoyote, maana kinachochelewesha ni disketi. Anayetaka michezo ya zamani ana sababu ya kutafuta iliyo kali zaidi, lakini ahakikishe ubao wake unaweza kutoa volti ndogo zinazotakiwa na prosesa za baadaye.

Mashine ikiwa tayari, usianze na disketi unayoithamini. Safisha vichwa vya kiendeshi kwa alkoholi ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha ujaribu disketi isiyo na maana. Yenye madoa ya ukungu usiitie kabisa kabla ya kusafishwa. Itakwaruzwa, na uchafu wake utaikwaruza inayofuata. Ifunge kila disketi dhidi ya kuandikwa, kwa sababu Windows 98 huandika alama yake kwenye disketi iliyo wazi hata bila kuamriwa. Katika disketi ya inchi 3.5 tundu dogo la pembeni huachwa wazi. Katika ile ya inchi 5.25 ni kinyume: pengo la ubavuni huzibwa kwa karatasi ya gundi. Nakili disketi nzima kwanza, mambo ya kufungua faili moja moja yaje baadaye. Na mashine isiunganishwe na intaneti. Microsoft iliacha kuilinda Windows 98 mnamo Julai 2006.

Ni haki pia kusema kwamba si kila mtu anahitaji mashine nzima. Mwenye disketi chache za inchi 3.5 zilizoandikwa kwa PC atosheke na kiendeshi cha USB, kisha azifungue nyaraka za WordPerfect kwa LibreOffice, ambayo haina malipo. Programu nyingi za DOS nazo huendeshwa ndani ya DOSBox katika tarakilishi yoyote ya leo. Mashine kuukuu huwa ya lazima pale ambapo pana disketi za inchi 5.25, au programu ya hesabu iliyofungwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la printa, ambayo haifunguki kifaa hicho kisipokuwepo.

Limesalia suala la Macintosh, linalotugusa sisi wa vyumba vya habari, maana PageMaker ilianzia huko mwaka wa 1985 na kurasa nyingi za magazeti zikapangwa kwa mashine hizo. Disketi zake za kilobaiti 400 na 800 ziliandikwa na kiendeshi kilichokuwa kikibadilisha mwendo wake wa kuzunguka, na kiendeshi cha kawaida cha PC hakiwezi kuzisoma hata kikibembelezwa vipi. Inayofaa hapa ni Power Macintosh G3 ya rangi ya maziwa, ya mwaka wa 1997, Macintosh ya mezani ya mwisho kutoka kiwandani ikiwa na kiendeshi cha disketi. iMac ya mwaka wa 1998 haikuwa nacho. G3 hiyo ina kadi ya mtandao, hivyo faili zaweza kuhamishwa kwa waya hadi mashine nyingine. Ukiitia disketi ya Macintosh katika PC kwa bahati mbaya, Windows itakuarifu kwamba haijaandaliwa na kukuuliza iwapo iifomati, yaani iifute yote na kuianzisha upya. Jibu la swali hilo ni la.