"Uligusana na Nani?": Kitenzi na Ufuatiliaji wa Maambukizi ya Hewani Masisi na Walikale

Kuwafuatilia watu waliokaribiana na mgonjwa ni njia ya zamani ya kupima kuenea kwa maradhi. Mgonjwa huulizwa alikuwa na nani. Waliotajwa huorodheshwa na kuangaliwa kwa siku maalumu. Hatimaye idadi ya waliougua hulinganishwa na jumla yao. Tuseme wameorodheshwa watu 10 na wakaugua 2: kiwango cha maambukizi ni asilimia 20. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usahihi wa hesabu hiyo hutegemea, kwanza kabisa, kitenzi kilichomo katika swali.

Katika Kivu Kaskazini, kazi hii ilifahamika sana wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ebola huambukizwa kwa kugusa damu au majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Kwa maradhi hayo, swali "Uligusana na nani?" linafaa, na wanaotajwa huangaliwa kwa siku 21.

Kwa surua, swali hilo halitoshi. "Kugusana" ni kitenzi cha kauli ya kutendana: huhitaji watu wawili, na kwa kawaida kila mmoja humtambua mwenzake. Virusi vya surua havihitaji utambulisho huo. Huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, hata anayeingia chumbani baadaye akaambukizwa na mtu asiyemwona. Aidha, mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku 4 hivi kabla ya vipele kutokea.

Yafaa basi kuuliza mahali na wakati: "Ulikuwa wapi, siku gani, na nani walikuwamo?" Mchimbaji wa koltani wa Rubaya, wilayani Masisi, aweza asijue jina la aliyekuwa naye shimoni, lakini shimo na siku anavijua. Ni vivyo hivyo kwa sokoni, kanisani na kwenye foleni ya kituo cha afya. Kwa familia zilizohamishwa na mapigano ya mwaka 2024 kuzunguka Sake, yapasa kuuliza pia njia waliyopita na mahali walipolala.

Hapa ndipo mfasiri wa dodoso anapobeba dhamana. Kifaransa kina neno moja linalojumuisha kugusana na kukaribiana. Kiswahili humlazimu achague. Akichagua vibaya, waliovuta hewa ya chumba kimoja na mgonjwa hawataorodheshwa, na kiwango kitakachopatikana hakitaonyesha hali halisi. Hasara hiyo si ya takwimu tu. Chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na virusi, yaweza kumkinga. Mtoto ambaye swali halikumfikia, chanjo nayo haitamfikia kwa wakati.