Je, Wajua? Haki Zilizoingia Katibani kwa Kuchelewa

Je, wajua kwamba wanasheria wa kwanza kusomeshwa nchini walianzia pembeni mwa Kariakoo, ndani ya jengo la chama cha siasa? Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua kitivo chake cha kwanza, cha Sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika ishirini.

Uchache huo ulikuwa na uzito wake. Tanganyika ilipata Uhuru ikiwa na Katiba isiyo na orodha ya haki za raia, na si kwa kusahau. Serikali ya Nyerere iliikataa. Majaji wa siku zile walikuwa wageni walioachwa na mkoloni, na viongozi walihofu kwamba wangetumia orodha hiyo kutengua sheria za kujenga taifa. Hofu ilikuwa na msingi wake mwaka 1961. Kilicho kigumu kueleza ni kwa nini iliendelea kuishi hata baada ya majaji wazalendo kushika viti.

Katiba ya Muda ya 1965 ilikuja na jambo geni zaidi: katiba ya TANU iliambatanishwa humo kama nyongeza, hivyo kanuni za chama zikawa sehemu ya sheria ya nchi. Huo "muda" ulidumu miaka 12, mpaka ilipopitishwa Katiba ya 1977. Nayo haikuwa na orodha ya haki.

Mchuuzi wa Kariakoo aliuonja upungufu huo mwaka 1983, Bunge lilipopitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi alihesabiwa mzururaji, akakamatwa na kupelekwa vijijini akalime. Kumbe mwaka uliofuata Bunge lilelile likaingiza haki za binadamu katika Katiba, zikiwemo uhuru wa kwenda utakako, katika ibara ya 17, na haki ya kufanya kazi, katika ibara ya 22. Ila raia hakuruhusiwa kuzidai mara moja. Serikali ilijipa mpaka Machi 1988, ipate nafasi ya kusafisha sheria zake.

Miaka 35 baada ya Nguvu Kazi, Desemba 2018, machinga walianza kugawiwa vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa kwenye barabara za Kariakoo. Maneno ya ibara ya 22 hayakuguswa muda wote huo.

Je, wajua swali moja tu la Katiba limepata majibu ya kupishana kwa karibu miaka 20? Ni lile la mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye chama chake cha DP kilikuwa kimenyimwa usajili, alifungua shauri Dodoma mwaka 1993. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akasema raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama, kwa kuwa ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Katika hukumu hiyo hiyo alifuta sharti la kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano wa hadhara. Desemba mwaka huo Bunge likabadili Katiba yenyewe na kufunga mlango wa mgombea binafsi. Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, ilimpa ushindi tena. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakautengua, wakisema hilo ni suala la kisiasa, Bunge ndilo la kulitatua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki za Mtikila. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Hata katika uchaguzi mkuu wa 2025, karatasi ya kura haikuwa na mgombea binafsi.

Je, wajua kwamba huwezi kuifanyia uhaini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar? Novemba 2000 Mahakama ya Rufani iliamua hivyo katika kesi ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF waliokuwa wakishitakiwa kwa kosa hilo Visiwani. Majaji walisema uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola ni moja, Jamhuri ya Muungano. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilitaja mambo 11 ya Muungano. Sasa ni 22, na ongezeko hilo ndilo kiini cha ugomvi usiokwisha kati ya Zanzibar na Bara.

Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, awe ameguswa yeye mwenyewe au la. Ndivyo majaji walivyoisoma enzi za Mtikila. Juni 2020 Bunge lilibadili sheria ya kudai haki za Katiba: mlalamikaji akatakiwa aape kwanza kwamba jambo analolipinga limemwathiri yeye binafsi.