Mwanao Yupo Nyumbani Likizo Fupi? Usimpe Jembe Tu, Mpe na Daftari

Huu ndio ule muda vyuo vingi vimemaliza semista ya kwanza na vijana wamerudi nyumbani wiki mbili, tatu, halafu wanaondoka tena. Na ndio muda huohuo tunaandaa mashamba ya masika. Kwa hiyo kila nyumba ninayopita huku vijijini nakuta mambo mawili: ama kijana amefanywa mgeni, analala hadi saa nne na kuletewa chai, ama amefanywa kibarua, jembe anakabidhiwa kesho yake tu baada ya kushuka kwenye basi.

Yote mawili ni hasara. Tuongee leo.

Najua wengi mnaosoma hapa watoto wenu bado wako chekechea. Lakini una mdogo wako chuoni ambaye ada yake inatoka kwenye nyanya zako. Au unalima pamoja na wazee, na wewe ndiye msimamizi. Au wewe mwenyewe ndiye huyo mwanafunzi, unasoma hii ukiwa umejilaza kitandani kwa mama. Inakuhusu.

Kwanza apumzike

Siku mbili za mwanzo mwache. Ametoka kwenye mitihani, amekesha na madesa, na bumu limeisha siku nyingi. Ale, alale, asalimie bibi. Shamba halitaondoka.

Pili, mwonyeshe hesabu

Hapa ndipo penye shida kubwa. Wazazi wengi humficha mtoto hali ya shamba ili asome kwa amani. Matokeo yake kijana anaamini shamba ni kama mashine ya kutolea pesa, ukibonyeza inatoa.

Kuna mama mmoja namhudumia huku Mvomero, analima nyanya na pilipili hoho. Kijana wake anasoma uhasibu. Alipokuja likizo aliomba daftari la mama, akakuta mauzo yameandikwa vizuri lakini pesa haionekani. Akauliza, "Mama, hizi nyanya ulizouza mwezi wa kumi na mbili, pesa yake iko wapi?"

Mama akamjibu, "Iko kwenye ada yako, baba."

Kijana alinyamaza. Halafu akachukua kalamu, wakaanza upya wote wawili. Hesabu waliyoifanya iko hivi (tarakimu nimeweka zangu za mfano):

Tuchukulie nusu eka ya nyanya imekula shilingi 1,200,000 na umeuza ya shilingi 2,000,000. Faida ni 800,000. Ada inayodaiwa ni 1,300,000 na umelipa yote siku uliyouza. Umebaki na 700,000. Msimu ujao unahitaji tena 1,200,000, umepungukiwa 500,000. Unaenda kuchukua pembejeo kwa mkopo dukani, kwa bei ya mkopo.

Unaona kilichotokea? Ada ya 800,000 ilitoka kwenye faida, lakini 500,000 umeitoa kwenye mtaji. Ukifanya hivyo misimu mitatu, eka inakuwa nusu, nusu inakuwa robo, na majirani wanasema umerogwa.

Sisemi ada isilipwe. Ilipwe. Ila siku ya mauzo, kabla ya kitu chochote, tenga pesa ya msimu ujao. Ada panga ilipwe kwa awamu, vyuo vingi vinaruhusu. Na anayesoma ajue hesabu hii, maana akiijua hata simu za "mama naomba hela ya matumizi" zinapungua zenyewe. Huyo kijana mwenyewe ndiye aliyependekeza pilipili hoho wazipunguze, kwa sababu daftari lilionyesha haziludishi hata gharama ya maji. Mama alikuwa anazipenda tu kwa sababu zinapendeza shambani.

Tatu, mpe kazi inayoisha ndani ya likizo

Usimpe kazi ya miezi mitatu wakati ana wiki mbili. Hizi nne zinatosha, na wala hahitaji kuwa anasoma kilimo:

1. Sampuli ya udongo. Atembee shambani kwa zigizaga, achukue udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20. Akwepe kichuguu, njia na mahali palipolala samadi. Achanganye kwenye ndoo ya plastiki iliyo safi, aanike kivulini, abakize kama nusu kilo. Kama anasoma upande wa Morogoro, aondoke nayo aipeleke maabara ya udongo pale SUA. Tanga kuna TARI Mlingano.

2. Kupima bomba. Apime kipande cha mita 10 kwa 10. Aweke maji matupu kwenye bomba, apulize kwa mwendo ule mnaoutumia siku zote, kisha apime maji yaliyotumika. Zidisha kwa 40 upate ya eka moja. Zikitumika lita 4, eka inakula lita 160, yaani bomba 10 za lita 16. Wengi mnakadiria kwa macho, ndiyo maana dawa ama inazidi ama haifanyi kazi.

3. Kukagua stoo ya dawa. Asome lebo zote na aandike ile kemikali yenyewe inayoua, siyo jina la biashara. Utashangaa. Unakuta chupa tatu, rangi tatu, majina matatu, kitu kilekile ndani. Halafu unalalamika kantangaze hafi! Mdudu huyu anajificha ndani ya jani, na ukimpiga kundi moja la dawa kila wiki anazoea. Aandike pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na zilizopitwa na muda azitenge.

4. Daftari la shamba. Mstari mmoja kwa siku: tarehe, kazi, kiasi, pesa. Kama anajua kompyuta aweke na huko, lakini la karatasi lisikosekane. Yeye ataondoka na kompyuta yake, wewe utabaki.

Nne, akikosoa usimkate kauli

Atakuja na mambo ya darasani. "Baba, hivi mnavyopanda siyo." Mzee naye anajibu, "Hiki ndicho kilichokusomesha." Mjadala unaishia hapo, na mwaka mwingine kijana anapitiliza mjini.

Dawa yake ni ndogo. Mpe matuta mawili. Afanye anavyojua yeye, matuta ya pembeni mfanye mnavyojua ninyi, na mbegu iwe moja. Siku ya kuvuna pimeni. Akishinda mmejifunza, akishindwa amejifunza, na shamba zima halijahatarishwa.

Na wewe msomi, shikamoo kwanza, halafu hoja. Mzee amelima hapo kabla hujazaliwa. Anajua maji yanatuama wapi na upepo unatokea upande gani, mambo ambayo hayamo kwenye desa lako. Muulize, uandike.

Tano, malipo

Kazi ya nyumbani hailipwi, hilo tunakubaliana. Lakini kazi ambayo ungemlipa kibarua, mpe chochote, au mpe tuta liwe lake, mauzo yake yawe matumizi yake ya semista. Kijana mwenye tuta lake hupiga simu kuuliza mvua imenyesha ngapi. Asiye na tuta hupiga kuomba vocha.

Kabla hajapanda basi

Kaeni nusu saa. Kubalianeni nani atahesabu nondo kwenye mtego wa kantangaze kila Jumamosi na kumtumia picha. Kubalianeni ada ya semista ijayo itatoka kwenye zao gani, tarehe gani, na kiasi gani hakiguswi. Andikeni ukurasa wa mwisho wa daftari, wote msaini.

Mama wa Mvomero tayari ana ukurasa huo. Mstari wa kwanza kaandika mwanawe: "Mtaji wa masika 1,200,000. Usiguswe hata kwa ajili yangu."