Je, Wajua? Moshi wa Jikoni na Bati la Kuunasa

Je, wajua kwamba moto mmoja wa kuni, ule wa mafiga matatu tu, hutoa kwa saa moja moshi unaolingana na wa sigara 400? Hesabu hiyo ni ya Profesa Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia miongo minne kuupima moshi wa majiko ya dunia. Mia nne, ndugu yangu! Na anayeuvuta ni mama ambaye huenda hajawahi kushika sigara.

Sasa jiweke Singida mjini. Je, wajua kwamba maji ya hapo yakichemka hayafiki digrii 100? Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na digrii 95 hivi. Ndiyo maana maharage ya Singida hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, na kila dakika ya ziada ni moshi wa ziada kwa anayepika.

Kwa hiyo lile bati pana linalofungwa juu ya jiko, lenye feni ya kuvuta moshi, tunaloliona kwenye nyumba mpya na kwenye hoteli: lina kazi, au ni urembo wa ukuta? Mimi nasema lina kazi kubwa, mradi bomba lake litokee nje. Sikiliza haya, halafu uamue mwenyewe.

Je, wajua kwamba kati ya mashine hizo, moja inaweza kunasa zaidi ya asilimia 98 ya moshi na nyingine isifike hata asilimia 15? Watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walizipima na kutoa matokeo hayo mwaka 2012. Siri moja kubwa ni kufunika: bati likiishia katikati ya jiko, moshi wa pleti za mbele unapita pembeni na kukufuata wewe.

Unajua dawa yake? Haigharimu hata senti. Kaangia pleti za nyuma! Mashine ileile, umeme uleule, na moshi unaonaswa unaongezeka papo hapo.

Ukubwa je? Chukua ujazo wa chumba cha jiko lako, zidisha mara 10, hiyo ndiyo hewa ambayo mashine inatakiwa kuivuta kwa saa. Jiko la mita 3 kwa 3 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 22.5, basi tafuta mashine ya mita za ujazo 225 kwa saa au zaidi. Muuzaji akikutajia namba ya chini ya hapo, mshukuru na uende duka la pili.

Unaiogopa LUKU? Mashine ya wati 200 inakula uniti 1 kwa saa 5 nzima. Ukiiwasha saa 2 kwa siku, uniti hiyo moja inakuvusha siku mbili na nusu! Na usiizime pamoja na jiko. Iache izunguke dakika 10 hadi 15 baada ya kuipua, imalizie moshi uliotawanyika.

Hili nalo lilinishangaza. Je, wajua kwamba kuna mashine za kuvuta moshi ambazo hazitoi kitu nje? Zinauvuta, zinaupitisha kwenye chujio la wavu na chujio la mkaa, kisha zinaurudisha humohumo jikoni! Mafuta yananaswa na harufu inapungua, ila mvuke unabaki, na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inabaki vilevile. Kabla hujauliza bei, uliza bomba linatokea wapi.

Tuje kwenye fahari ya Singida: alizeti! Je, wajua kwamba mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kusafishwa huanza kutoa moshi kwenye digrii 107 hivi, wakati yaliyosafishwa kiwandani huvumilia hadi zaidi ya 220? Tofauti ya zaidi ya digrii 100, na ua ni lilelile! Yale ya dumu, yenye harufu tamu ya mbegu, yaweke kwenye mboga za moto mdogo. Kuku wa kienyeji akitaka kukaangwa hasa, tumia yaliyosafishwa.

Nasema hivyo kwa sababu nzito. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa kukaangia kwa joto kali kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuni za jikoni uko kundi hilohilo. Moshi wa makaa ya mawe uko juu zaidi: huo umethibitishwa.

Sasa utaniambia, feni inataka umeme, na majiko mengi ya Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni bado ni ya kuni. Sogea hapa karibu basi, maana habari tamu kuliko zote ndiyo hii: bati la kunasa moshi halihitaji feni!

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika lililoitwa wakati huo ITDG, leo Practical Action, lilikaa na akina mama wa Kimaasai wa Kajiado, Kenya, kutafuta njia ya kuutoa moshi ndani ya nyumba zao. Wakapata bati pana lililofungwa juu ya moto, linalopungua kwenda juu hadi kuwa bomba linalotoboa paa. Hakuna waya, hakuna swichi. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda yenyewe, na ikipanda inaukokota moshi. Walipopima kabla na baada, chembe za moshi ndani ya nyumba zilikuwa zimepungua kwa karibu robo tatu! Kuni zilezile, mafiga yaleyale, sufuria ileile. Ukiniuliza mkoa wa Singida uanzie wapi, nitakuonyesha Kajiado kabla ya kukuonyesha duka lolote la mjini. Fundi anayekunja mabati ya mifereji ya mvua ana kila kifaa cha kulitengeneza.

Ila ampe bomba urefu wa kutosha. Singida ni mkoa wa upepo, hadi mipango ya kufua umeme wa upepo imeelekezwa huko, na je, wajua kwamba upepo huohuo unaweza kuusukuma moshi urudi ndani kupitia bombani? Kipimo cha mafundi ni hiki: mdomo wa bomba uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kuuzunguka, kisha uvikwe kofia ya bati.

Na nyumba za tembe, zile za Wanyaturu na Wagogo zenye paa bapa la udongo? Je, wajua kwamba humo moshi umekuwa na ajira tangu enzi? Unafukuza wadudu wanaotoboa miti ya paa, na mbegu zinazoning'inizwa juu ya moto fukusi hawazisogelei kirahisi. Bibi zetu walijua walichokuwa wakifanya, na anayetaka kuuondoa moshi sharti ajibu mbegu zitahifadhiwa wapi. Jibu lipo: mifuko ya tabaka 3 isiyopitisha hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Fukusi waliofungiwa humo wanakosa hewa na kufa, bila moshi na bila dawa.

Shika benchi vizuri sasa. Je, wajua kwamba bomba la moshi limewahi kupunguza saratani? Huko Xuanwei, jimbo la Yunnan nchini China, watu walipikia makaa ya mawe kwenye mashimo ya moto ndani ya nyumba, na wanawake wasiovuta sigara waliugua saratani ya mapafu kwa viwango vya juu kabisa duniani. Watafiti waliwafuatilia wakulima zaidi ya 21,000. Kwa waliohamia kwenye majiko yenye dohani, hatari ya saratani hiyo ilishuka kwa asilimia 41 kwa wanaume na asilimia 46 kwa wanawake! Makaa hayakubadilika. Walichoongeza ni njia ya moshi kutokea.

China hiyohiyo, ndani ya miaka 10 kuanzia 1982, ilisambaza vijijini majiko bora yapatayo milioni 129. Milioni 129!

Guatemala nayo ina lake. Kwenye nyanda zake za juu, zaidi ya nyumba 500 ziligawanywa makundi mawili mwanzoni mwa miaka ya 2000: kundi moja likajengewa jiko la kuni lenye dohani, jingine likaendelea na moto wa wazi kwa muda. Nimonia kali kwa watoto wa nyumba zenye dohani ilipungua kwa takriban theluthi. Aliyeuongoza utafiti huo unamjua tayari: ni yuleyule Kirk Smith wa sigara 400.

Na kwa nini watoto? Kwa sababu wako mgongoni, mama anaposonga ugali. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa nyumbani karibu unazidisha mara 2 hatari ya mtoto kupata maambukizi ya mapafu. Kwa mwaka 2020 pekee, moshi huo ulihesabiwa kuwa chanzo cha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Watu wa mkoa mzima wa Singida, kwa sensa ya 2022, ni kama milioni 2. Fikiri hapo kidogo.

Je, wajua kwamba chembe mbaya kuliko zote za moshi huzioni kabisa? Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe hizo, ndiyo maana zinapenya hadi kwenye kina cha mapafu. Jikoni kusikopitisha hewa, kiwango chake kinaweza kuzidi mara 100 kile kinachokubalika.

"Mimi napikia mkaa, hauna moshi." Nimekusikia! Lakini mkaa unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata usiku wa Juni Singida inapopiga baridi yake.

Hewa ya moshi si tatizo la jana. Mwaka 1991 watembea milimani walikuta kwenye barafu ya milima ya Alps mwili wa mtu aliyekufa miaka kama 5,300 iliyopita, akaitwa Ötzi. Mapafu yake yalikuwa meusi kwa masizi, kama ya mvutaji sigara! Tumbaku ilikuwa haijafika Ulaya; aliyavuta kwenye moto wa kupikia na kuota.

Wahadzabe wa Mkalama, kwa upande wao, wanaupeleka moshi kunakostahili: kwenye mzinga. Je, wajua kwamba moshi unafunika harufu ya hatari ambayo nyuki hutumia kuitana vitani? Tena nyuki wakiunusa wanakimbilia kushiba asali, na aliyeshiba hana haraka ya kuuma.

Na ukipata safari ya Istanbul, inua macho kwenye Kasri la Topkapı. Jiko lake liliungua mwaka 1574, na msanifu mkuu Mimar Sinan akalijenga upya na safu ya dohani kubwa zinazoonekana hadi leo kutoka baharini. Sultani mwenyewe hakuukubali moshi!

Kwetu, tarehe 8 Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na hapo shule zetu nyingi za bweni zinahusika. Ni lengo zuri mno. Lakini jua hili pia: hata ukihamia gesi au umeme, nyama ikikaangwa inatoa chembe zake, na gesi inapowaka inatoa naitrojeni dayoksaidi. Bati juu ya jiko bado lina kazi.

Tayari unayo mashine nyumbani? Iwashe leo jioni kwa kasi ya juu, kisha sogeza kipande cha karatasi nyepesi kwenye wavu wake. Ikinata na kubaki hapo, mashine inavuta. Ikidondoka, chomoa wavu uuloweke kwenye maji ya moto na sabuni, sugua mafuta yote, uache ukauke, halafu ujaribu tena na karatasi ileile!