Mwili Mmoja, Daftari Moja: Kuoanisha Mafunzo ya Kujihami na Mchezo wa Vitara

Mpiganaji wa ridhaa hapiganii mshahara wala medali. Hutafuta afya, utulivu wa nafsi na ile furaha ya kujifunza jambo gumu baada ya saa za kazi. Hana daktari wa timu, wala mtaalamu wa kumpangia siku za kupumzika. Kwa hiyo, anapoamua kuongeza mchezo wa vitara juu ya mafunzo ya kujihami aliyoyazoea, swali la kwanza kumjia ni la ratiba: je, atapata muda? Swali hilo lina haki yake, lakini lipo lililo zito zaidi: je, mwili wake utapata muda?

Vitara ni mchezo wa watu wawili wanaokabiliana kwa silaha nyembamba zisizo na makali, kila mmoja akitafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa. Silaha zake ni tatu: foili, epe na seba. Mchezo huu umekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya zama hizi, mwaka 1896. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jina lililo karibu ni la Alexandra Ndolo, aliyeshinda medali ya fedha ya epe katika mashindano ya dunia ya Cairo mwaka 2022 akiiwakilisha Ujerumani, kisha akachagua kuichezea Kenya, nchi ya baba yake, na kushiriki kwa bendera hiyo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024.

Mafunzo ya kujihami, kwa upande wake, hukusanya mengi chini ya jina moja: karate, judo, jujitsu, krav maga na mitaala iliyochanganya hayo yote. Shabaha yake si pointi. Ni kumwezesha mtu aliyevamiwa kujinasua na kuondoka akiwa mzima.

Mizigo miwili isiyofanana

Watu wengi hudhani kuwa hatari ya vitara ni kuchomwa. Historia inawapa sababu. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia ya Roma, silaha ya mpinzani ilivunjika na kupenya barakoa ya bingwa wa Kisovieti Vladimir Smirnov, naye akafariki siku chache baadaye. Msiba huo ulichochea mageuzi makubwa ya vifaa: vyuma vya silaha vilivyo bora zaidi, barakoa imara zaidi, na vitambaa vya mavazi vinavyopimwa uwezo wa kuhimili nguvu ya nyutoni 800, huku kitambaa kinacholinda koo kikipimwa kwa nyutoni 1,600.

Leo majeraha ya vitara kwa kawaida ni ya namna nyingine. Uchunguzi wa miaka 5 katika mashindano ya kitaifa nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta majeraha yaliyomlazimu mchezaji kuacha kucheza yakiwa takriban 0.3 tu kwa kila mara 1,000 za kushiriki pambano. Karibu nusu yake yalikuwa ya kuteguka viungo na kuvutika misuli. Miguu ndiyo iliyoumia zaidi, na goti likaongoza.

Sababu iko katika umbo la mchezo. Mchezaji husimama upande, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha hushambulia kwa hatua ndefu ya ghafla. Kisigino cha mbele hutua kwa kishindo, paja la mbele hufunga breki, na kano ya kisigino cha nyuma husukuma mwili wote. Hatua hiyo hurudiwa mara nyingi katika kipindi kimoja, daima upande uleule. Epe, iliyo nzito kuliko wenzake, haizidi gramu 770. Lakini kuishika mkono ukiwa umenyooshwa kwa saa nzima kunatosha kuuchosha mkono wa mbele hadi kiwiko kianze kulalamika. Ndiyo maana wachezaji wa muda mrefu huwa na paja na mkono wa upande mmoja ulionenepa kuliko wa pili.

Kujihami huuchosha mwili kwa njia tofauti. Humo mna kuanguka, kukabwa, kunyongwa viungo na kupigwa ngumi. Bega, vidole, shingo na kichwa, ambavyo katika vitara hupata nafuu, hapa ndivyo vinavyobeba gharama. Mtu anaweza basi kudhani kwamba mazoezi haya mawili yanapokezana vizuri, kwamba huku miguu inafanya kazi na kule mikono inapumzika. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, lakini huficha jambo moja: moyo, usingizi, mishipa ya fahamu na uwezo wa mwili kujijenga upya havina daftari mbili. Kila kipindi, kiwe cha ukumbini au cha ulingoni, huandikwa katika daftari lilelile.

Kulisoma daftari

Ipo njia nyepesi ya kulisoma daftari hilo, inayotumiwa na wataalamu wa michezo tangu miaka ya 1990. Nusu saa hivi baada ya mazoezi, mtu hujiuliza: kwa kipimo cha 0 hadi 10, kipindi kile kilikuwa kigumu kiasi gani? Kisha huzidisha jibu kwa idadi ya dakika.

Achukuliwe, kwa mfano, karani wa miaka 38 anayefanya kujihami Jumanne na Jumamosi, dakika 90 kila mara, kwa ugumu wa 7. Kila kipindi kina alama 630, na juma zima lina alama 1,260. Anaongeza vitara: Alhamisi dakika 120 kwa ugumu wa 6, yaani alama 720, na Jumapili dakika 60 kwa ugumu wa 5, yaani alama 300. Juma lake sasa lina alama 2,280. Yeye anaona ameongeza siku mbili tu. Mwili unaona mzigo uliopanda kwa zaidi ya asilimia 80 kwa mara moja.

Misuli huweza kuvumilia ongezeko la namna hiyo kwa muda. Kano haziwezi. Baada ya zoezi zito, nyuzi za kano huvunjwa na kujengwa kwa pamoja, na katika saa 24 hadi 36 za mwanzo uvunjaji huushinda ujenzi. Anayerudi kushambulia kabla saa hizo hazijapita, siku baada ya siku, hukopa asichoweza kulipa. Deni hujitokeza baada ya majuma kadhaa kama maumivu ya asubuhi nyuma ya kisigino, au chini ya kifuniko cha goti, au upande wa nje wa kiwiko.

Hakuna kizingiti kimoja kilichothibitishwa kumfaa kila mtu. Hata hivyo, karani huyo angeweza kuanza kwa hekima zaidi: Jumanne abaki na kujihami kwa ukamilifu, Alhamisi acheze vitara, na Jumamosi afanye mbinu za kujihami pasipo mapambano, dakika 60 kwa ugumu wa 4. Jumla ingekuwa 1,590, ongezeko la zaidi kidogo ya robo. Baada ya majuma kadhaa pasipo maumivu yanayodumu, angeweza kuongeza tena kidogo. Vipindi viwili vifupi vya kuimarisha misuli vingemfaa pia, hasa akizoeza mguu na mkono ule ambao vitara huuacha nyuma. Na usingizi usiopungua saa 7 si anasa kwake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukarabati wa mwili hufanyika hapo.

Kichwa hakina ratiba

Lipo, hata hivyo, jeraha moja lisiloingia katika hesabu hiyo: mtikisiko wa ubongo. Hapa ndipo mpiganaji wa michezo miwili hujidanganya kwa urahisi. Jumanne amepigwa ngumi ya shavuni au ameanguka vibaya. Kichwa kinamuuma kidogo, na mwanga unamkera. Anasema moyoni: "Alhamisi ni vitara tu, nitavaa barakoa."

Barakoa huzuia ncha ya silaha. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Katika epe mwili wote ni shabaha, kichwa kikiwamo. Katika seba shabaha ni sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno isipokuwa viganja, na barakoa hupigwa mara kwa mara. Kofia laini ya mazoezi ya ngumi nayo hupunguza michubuko kuliko inavyozuia mtikisiko. Tena, si lazima mtu azimie ndipo ihesabiwe kuwa ubongo umetikisika. Walio wengi hawazimii. Kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu wa mawazo, kusahau kilichotokea, au hasira isiyo ya kawaida vyatosha kumtoa mtu ulingoni siku hiyohiyo.

Makubaliano ya wataalamu wa kimataifa waliokutana Amsterdam mwaka 2022 yanaelekeza mapumziko ya kadiri kwa saa 24 hadi 48, si kujifungia gizani kwa siku nyingi. Mtu hutembea na kufanya shughuli nyepesi za nyumbani, kisha hupanda ngazi moja baada ya nyingine: mazoezi mepesi ya moyo, halafu mazoezi ya peke yake pasipo hatari ya kichwa kuguswa, kama vile hatua za miguu za vitara. Kila ngazi huchukua angalau saa 24. Kabla ya kurudi kwenye mazoezi magumu na mapambano, dalili ziwe zimekwisha na daktari awe ameridhia. Watu wazima wengi hupona ndani ya majuma mawili hivi. Pigo la pili kabla ya kupona huweza kuyarefusha majuma hayo kuwa miezi, na kwa nadra sana, hasa kwa vijana, huleta uvimbe wa ubongo unaoua.

Kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, ganzi au udhaifu wa kiungo, maumivu ya shingo, au usingizi usioamshika ni dalili za kukimbizwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Mazoea yanayogongana

Mgongano mwingine ni wa mazoea. Vitara humzoeza mtu kuuweka mkono mmoja nyuma na kusita mara taa ya pointi inapowaka. Kujihami humtaka ainue mikono yote miwili na asisite mpaka awe salama. Anayejifunza mapya ya pande zote mbili siku moja, tena akiwa amechoka, huweza kuchanganya majibu hayo. Ni heri kila sanaa ipewe siku yake, mavazi yake na namna yake ya kupasha mwili moto, ili ubongo utambue mapema umeingia chumba gani. Na mbinu mpya zifundishwe mwanzo wa kipindi, kabla uchovu haujaharibu umbo.

Kuna kitu kinachovuka salama kutoka upande mmoja kwenda wa pili: kuupima umbali na kuusoma wakati. Mcheza vitara hujua, kwa unyayo, ni wapi mpinzani hawezi kumfikia. Katika kujihami ujuzi huo ndio wenye thamani kuliko ngumi yoyote, kwa maana huonyesha mapema pa kuondokea.

Makosa ya nyumbani

Mambo mawili huharibu kazi nzuri ya ukumbini. La kwanza ni kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mazoezi ili maumivu yasisikike. Dawa hizo hunyamazisha onyo bila kuiponya kano, na kwa mtu anayetoka jasho jingi bila kunywa maji huyatia mafigo na tumbo mashakani. La pili ni kukikanda kwa nguvu au kwa maji ya moto kifundo kilichoteguka siku hiyohiyo. Katika siku mbili za mwanzo kinachotakiwa ni kupumzisha, kubana kwa bandeji, kuinua mguu na kupoza kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Asiyeweza kukanyaga hatua nne aende kupigwa picha ya eksirei.

Aliye na shinikizo la damu, kisukari, kifafa, au maumivu ya kifua anapojitahidi, amwone daktari kabla ya kuanza, si baada ya kuanguka.

Mpiganaji wa ridhaa ana faida ambayo mwanamichezo wa kulipwa hana: hakuna mkataba unaomlazimisha kucheza akiwa mgonjwa. Akiikosa Alhamisi moja, hakuna kombe linalopotea. Siku ambayo kichwa kinauma baada ya pigo, au kisigino kinakataa ngazi za asubuhi, kazi yake ni kumpigia mwalimu simu na kusema leo haji. Mwalimu mwema atamwelewa, na ukumbi utakuwapo juma lijalo.