Mvumo Hautibiwi kwa Kukata Ethi

“Fundi, spika zangu za studio zinavuma nikiziunga na kompyuta. Nimeambiwa nikate waya wa ethi. Kuna ubaya?”

Kuna ubaya. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi, na bado linarudi, kwa sababu anayeuliza huwa ameshakata. Haji kutafuta ushauri, anatafuta baraka.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa yenyewe inafanya kazi. Laiti mtu angekata waya ule na mvumo ukabaki, uzushi huu ungekufa zamani. Lakini anakata, spika zinanyamaza, na jamaa aliyemshauri anaondoka na sifa za ufundi. Haya, tuone kilichonyamaza ni nini.

Spika za studio zina amplifaya ndani, hivyo huchomekwa kwenye umeme, nyingi kwa plagi ya pini tatu. Kompyuta ya mezani nayo ina plagi yake ya pini tatu. Kila kimoja kimeshafika kwenye ethi kwa njia yake. Kisha unakuja na waya wa sauti, unaviunganisha tena. Zile nyuzi zilizosukwa kuuzunguka waya wa katikati, yaani shildi, zinakuwa njia ya pili kati ya ethi na ethi, na kitanzi kinakamilika. Tofauti kidogo ya volti kati ya soketi mbili, au usumaku wa transfoma iliyo jirani, inasukuma mkondo mdogo ndani ya kitanzi hicho, na spika inaupokea kama sehemu ya muziki. Umeme wetu wa majumbani ni wa hezi 50, ndiyo maana unasikia “mmmm” nzito ya hezi 50 na 100, isiyobadilika hata wimbo ukisimama.

Kukata ethi kunakivunja kitanzi, hilo sibishi. Ila waya ule wa kijani na njano haukuwekwa kwa ajili ya sauti. Umefungwa kwa skrubu kwenye bamba la chuma nyuma ya spika, lile lenye swichi unayoipapasa gizani. Siku waya wa laivu ukilegea ndani na kugusa bamba hilo, ethi huupitisha umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, fyuzi inaungua au swichi kuu inashuka, unasonya, basi. Bila ethi haiungui fyuzi wala haishuki swichi. Bamba linakaa na volti 230 likimsubiri wa kulishika.

Na usiniambie fyuzi ya plagi itakulinda. Nyingi ni za ampea 13. Miliampea 30 zikipita kifuani zinatosha kuhatarisha maisha, na ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya hizo. Fyuzi inalinda waya usishike moto. Wewe haikujui.

Tena hata huko kukata hakujaitenga spika, kwa kuwa shildi ya waya wa sauti bado imeishika kompyuta. Hitilafu ikitokea, umeme uliokosa njia yake utapita kwenye nyuzi zile nyembamba hadi kwenye mazabodi. Umeondoa mvumo, umepoteza kompyuta, kama bahati ni yako.

Ndugu yake dawa hii ni kifuniko cha peni. Pini ya ethi kwenye plagi zetu imefanywa ndefu makusudi. Inatangulia kuingia, inafungua vizibo vya matundu mawili ya umeme. Mtu akiwa na plagi ya pini mbili anachokoa tundu la juu kwa peni, vizibo vinafunguka, anachomeka. Chaja ya simu iliyoundwa bila ethi inaweza kuvumilia utundu huo. Spika iliyoundwa iwe na ethi, hapana.

Halafu kuna nyumba ambazo shida yake ni kinyume kabisa. Soketi ina matundu matatu, lakini la juu halikufungwa popote, au rodi iliyozikwa nje imeshaoza. Dalili zake: mara nyingi mvumo hupungua ukigusa chuma cha spika, na vidole vinasisimka ukipitisha mkono juu ya laptopu ya chuma iliyo kwenye chaji. Hapo unahitaji kuipata ethi, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye kipimo. Waya wenye ncha za dhahabu hautakusaidia, wala kile kidonge cheusi cha kubana kwenye waya.

Tiba sasa, na nafasi inakwisha. Chomoa waya wa sauti kwenye spika, iache ikiwaka. Ikiendelea kuvuma, ugonjwa ni wa spika yenyewe. Ikinyamaza, yaelekea una kitanzi. Kwa laptopu, chomoa chaja itumie betri. Ule mluzi unaobadilika ukisogeza mausi ukikoma, mwizi ni chaja. Chomeka kompyuta na spika zote kwenye ekstensheni moja ya pini tatu. Wengi huponea hapo. Isipotosha, nunua saundi kadi ya nje ya USB yenye matokeo ya balansi, kama Focusrite Scarlett 2i2, uiunge na spika kama Yamaha HS5 kwa waya za TRS au XLR. Waya hizo hubeba sauti ileile kwenye nyuzi mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa. Spika inachukua tofauti yao, na mvumo ulioingia kwa usawa kote kuwili unajifuta. Mfuko hauruhusu? Tafuta transfoma ndogo ya kutenganisha inayokaa kwenye waya wa sauti. Za bei ya chini hupunguza besi kidogo.

Ukiunga moja kwa moja kutoka tundu la hedifoni, tumia waya unaogawanyika kwenda jeki mbili za mono, zile zenye pete moja nyeusi, jeki moja kila spika. Ukichomeka jeki ya stereo kwenye spika moja yenye tundu la balansi, spika inaondoa sauti ya kulia kwenye ya kushoto, na mwimbaji aliyewekwa katikati anapotea, zinabaki mwangwi na vyombo vya pembeni. Amplifaya usinunue, imo ndani. Washa kompyuta kwanza, kisha saundi kadi, spika za mwisho. Wakati wa kuzima anza na spika, la sivyo ule mshindo wa “pu” utaishia kwenye koni zako.